Pua yangu, miezi 14 baada ya upasuaji Istanbul

Nimesubiri mpaka sasa kuandika, kwa makusudi. Wengi huandika wiki ya pili, plasta imebanduliwa juzi na furaha bado mbichi. Ndiyo maana nilipokuwa natafuta habari kabla ya kwenda, sikumpata mtu wa kuniambia pua inakuwaje mwezi wa tano. Yangu mwezi wa tano ilikuwa nene kuliko ile niliyoondoka nayo nyumbani, na nililia sana.

Nina miaka 36, mtu wa Tanga, naishi Dar es Salaam. Pua yangu ni ya ukoo: mwamba uko chini, ncha ni ya duara na imelala, mabawa mapana. Tena nilipokuwa darasa la tatu nilianguka ngazini, ule ukuta wa katikati ukapinda, nikawa napumua upande mmoja miaka yote. Simdanganyi mtu kwamba nilikwenda kwa ajili ya pumzi peke yake. Nilitaka vyote viwili. Shangazi yangu aliniuliza kama naona Mungu alikosea kuniumba, na swali lile lilinikaa kifuani wiki nzima. Mwishoni nikajiwekea sharti moja: nikirudi, mtu anayemjua marehemu baba aniangalie na amwone baba. Kila nilichochagua baada ya hapo nilikipima kwa sharti hilo.

Kliniki ya kwanza niliyowasiliana nayo sikufika kwao. Wakala wao alinitumia picha ya kompyuta ya sura yangu ikiwa na pua nyembamba, mgongo umebonyea kidogo, ncha imeinuliwa juu. Nikafungua picha za wateja wao wengine: Waarabu, Wazungu, dada mmoja wa Kinigeria, wote pua ile ile. Wakaniambia kwangu wataweka kipande cha silikoni. Silikoni inatumika sana Asia Mashariki na wapo waliokaa nayo salama, lakini si sehemu ya mwili. Inaweza kusogea, kushika maambukizi, au kuisukuma ngozi mpaka itokeze hata baada ya miaka. Nikaachana nao.

Daktari wa pili alizungumza nami mwenyewe kwa video, si kupitia wakala. Aliniambia nipige picha ya pua kwa chini, kwa pembeni, na nikiwa nacheka. Akaniuliza kama kidonda changu hupona kwa kuota nyama, yale makovu ya keloidi, nikamwonyesha matundu ya hereni. Halafu akasema nibonyeze ncha ya pua kwa kidole. Ikazama bila ubishi. Akaniambia, "Pua yako haina cha kupunguzwa juu. Inahitaji nguzo." Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho picha zote za mtandaoni hazikunieleza: kwa pua kama zetu kazi kubwa ni kuongeza. Ngozi ni nene na gegedu la chini, ule mfupa teketeke wa pua, ni laini, kwa hiyo ukikata tu bila kujenga, ile ngozi haina cha kushikilia, inakunjamana juu ya pua na kubaki donge.

Nikamchagua huyo, nikaenda Istanbul. Hotelini ndipo nilipoona tofauti kwa macho. Asubuhi kwenye chai tulikuwa wanne tumebandikwa plasta, macho yamevilia damu, tunakula mkate laini kwa sababu kutafuna kunavuta mdomo wa juu. Msichana kutoka Iraq alikuwa na nundu kwenye mgongo wa pua; yeye walisaga mfupa na kupunguza gegedu, kisha wakavunja mifupa ya pembeni kwa utaratibu na kuisogeza ndani, maana nundu ikiondolewa pua hubaki na mgongo wazi wa bapa. Kijana wa Kituruki alivunjika pua kwenye ndondi ikaenda kushoto. Kwake ilikuwa kunyoosha, na alishaambiwa kwamba gegedu lililopinda miaka hupenda kurudi kidogo. Mama wa Kiingereza ndiye aliyenigusa zaidi. Alifanyiwa akiwa na miaka 20 na kitu, wakati wa mtindo wa kupunguza sana, na ncha ikabanwa mpaka hewa ikawa haipiti. Alikuwa amekuja kurudishiwa kilichoondolewa. Upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu ndani kumejaa makovu na gegedu limekwisha.

Mimi nilifanyiwa kwa nusukaputi, saa nne na ushee. Mkato mmoja mdogo ulipita kwenye kile kijiukuta cha ngozi kati ya matundu mawili, ngozi ikafunuliwa kama boneti ya gari ili fundi aone kilichomo. Ukuta uliopinda ulinyooshwa, lakini gegedu lake lilikuwa dogo, halikutosha kujenga. Wakachukua ubavuni. Kwa hilo wakasimamisha nguzo ya ncha na kuinua mwamba milimita chache, kisha wakapunguza kidogo upana wa matundu, mishono ikafichwa kwenye mkunjo pale bawa la pua linapokutana na shavu.

Pua haikuniuma sana, ila ubavu ulinitesa. Kovu lenyewe ni la sentimita tatu chini ya ziwa, lakini siku nne za kwanza kila nikikohoa niliona nyota. Hili nalisema wazi: waulizeni watachukua gegedu wapi, na kama ni ubavuni, kaeni na mtu wa kuwainua kitandani. Mimi nilikwenda peke yangu, nikawa nashuka kitandani kwa kujiviringisha. Madera yote niliyobeba yalikaa begini wiki mbili, kwa sababu huwezi kupitisha nguo kichwani. Nilivaa shati moja la vifungo nikilifua usiku. Nililala chali, mito mitatu, mdomo wazi, midomo imekauka hadi inapasuka. Bebeni mafuta ya midomo na shati la pili.

Siku ya saba wakabandua. Nesi alilowanisha zile tepe kwa mafuta, akazivuta taratibu moja moja, na chini yake ngozi ilikuwa imejaa mafuta na vidoa vyeusi, imevimba, haina hisia. Akanipa kioo. Nilichokiona ni pua ya mtu aliyeumwa na nyuki. Halafu akatoa zile sahani laini zilizowekwa ndani ya matundu kushikilia ukuta ulionyooshwa, ndefu kuliko nilivyodhani, na hewa baridi ikaingia pande zote mbili kwa pamoja. Tangu darasa la tatu sikuwahi kuijua ile hali. Machozi yalinitoka na nesi akadhani ameniumiza.

Malalamiko ninayo. Kliniki iliniahidi kunifuatilia mwaka mzima, lakini nilipokuwa nimerudi nyumbani, wiki ya sita, na tundu la kulia likaanza kubana, ujumbe wangu ulikaa siku 16 bila jibu. Nilikwenda kwa daktari wa pua na masikio hapa Dar, akakuta ganda na uvimbe wa kawaida, akanipa maji ya chumvi ya kusafishia. Hakikuwa kitu kikubwa, lakini siku 16 ni nyingi mno kwa mtu mwenye hofu. Kwa dola 4,200 nilizolipa, bila tiketi ya ndege, nilistahili simu moja. Anayekwenda mbali amtafute kwanza daktari wa nyumbani atakayekubali kumtazama akirudi. Wengi hawapendi kushika kazi ya mwenzao. Na Uturuki hospitali inayohudumia wagonjwa kutoka nchi nyingine hutakiwa kuwa na kibali cha Wizara ya Afya ya huko. Ombeni kukiona kabla ya kutuma hata senti.

Turudi mwezi wa tano. Ngozi nene hushikilia uvimbe, hasa kwenye ncha. Yule msichana wa Iraq alinitumia picha mwezi wa tatu, pua yake imeshatulia kabisa. Mimi bado nilikuwa nafunga tepe kila usiku. Daktari aliyenipasua alikuwa ameniambia uvimbe huchukua mwaka mpaka mwaka na nusu, nikaitikia, ila kuambiwa na kuishi nalo ni vitu viwili. Ilianza kushuka mwezi wa nane. Sasa mwamba unaonekana nikigeuka pembeni, ncha ina umbo, na nikitazama mbele bado ni pua pana ya Kitanga. Tundu moja liko juu kidogo kuliko jingine. Nalijua mimi na kioo. Makovu yamelala vizuri.

Rafiki yangu alitaka kukwepa kisu kwa kuchomwa sindano ya kujaza mwamba, na mtu wa saluni alishampangia siku. Nilimsihi asiende. Dawa ile ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi ya pua, hata kupofusha jicho. Kama ni lazima, ifanywe na daktari mwenye dawa ya kuiyeyusha mkononi.

Kilichonisumbua ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote ya kliniki ni sala. Kuinama kulikatazwa, nikasali nimeketi kitini wiki sita. Siku niliyoruhusiwa ilikuwa alfajiri, nyumbani Tanga, kwenye mkeka wa ukindu wa mama. Nilishuka polepole, paji la uso likatangulia, kisha pua ikagusa. Ncha haikuhisi kitu. Nikasikia harufu ya ukindu, kwa matundu yote mawili.