Mzizi wa herufi tatu: Kiarabu na maandishi ya Misri ya kale

Kote kuwili vokali haziandikwi, au kwa Kiarabu zile fupi zinaachwa mara nyingi, lakini ukikaa nazo unaona tofauti kubwa sana. Kiarabu kila konsonanti ya mzizi ina herufi yake, chukua k-t-b, hapo unatoka na kitabu, katibu, maktaba, zote tunazo, yani sie tulichukua maneno yakiwa tayari, Mwarabu ndo anauchezea mzizi wenyewe kwa kubadili vokali na kuongeza kitu mbele au nyuma.

Misri ya kale picha moja inaweza kubeba konsonanti zote tatu kwa mpigo! Mfano nfr, yani -zuri, ni picha ya moyo na koromeo, halafu mara nyingi pembeni wanaweka nyoka wa f na mdomo wa r, usije ukasoma nfrfr, zile ni za kukuhakikishia tu. Na mwishoni inakuja picha isiyotamkwa kabisa ila inaonesha maana: nyumba ni pr, kutoka nako kunaanzia pr hiyohiyo, ukiona miguu inatembea basi ujue ni kutoka. Hii naipenda mno, Kiarabu hakina, bila irabu unategemea sentensi.

Ila kwenye matamshi Kiarabu kinashinda mbali, wasemaji wapo na Qurani ina alama za vokali. Ile nfr watu wanaisoma "nefer", ila hiyo e wasomi wameichomeka tu ili itamkike, Kikopti, yani Kimisri cha baadaye kinachoandikwa kwa herufi za Kigiriki na chache za Kimisri, kinasema noufe.