Nintendo Switch kwenye banda la gemu: watoto raha, wakali wa soka wamenuna

Naendesha banda la gemu Chikongola, Mtwara mjini. PS4, yaani PlayStation 4 za Sony, ndizo zinazolipa pango: bodaboda na wanachuo wanapigana soka kwa mechi, na anayefungwa lazima aseme pedi mbovu. Switch, mashine ya gemu ya Nintendo yenye skrini yake, nimeiweka kwa ajili ya wengine, watoto wanaotoka shule na akina dada waliokuwa wanakuja kusindikiza tu na kukaa wanachati.

Kwa hao, hii mashine wameifikiria kweli. Pedi unazichomoa ubavuni mwa skrini, moja kulia moja kushoto, kila mtu anailaza yake, mchezo unaanza. Hununui pedi ya pili. Umeme ukikatika betri inaendelea, ingawa kwenye ile skrini ya inchi 6.2 wawili tayari wanagombania kuona.

Kinachonifurahisha zaidi ni Mario Kart 8 Deluxe, gemu ya mbio za magari. Kuna usukani wa kusaidiwa unaozuia gari lisitoke barabarani, na kila mchezaji anauwasha au kuuzima kivyake. Mtoto wa darasa la pili anamaliza mbio hajatumbukia popote. Pembeni yake kaka mtu kauzima, anakata kwenye vichochoro ambavyo lile gari la kusaidiwa halipiti. Wakibaki wakubwa watupu, kuna 200cc, mwendo ambao bila kujua breki utaishia ukutani.

Kadi za gemu ni vijidude vidogo, vimepakwa kitu kichungu ili mtoto asimeze. Nimeonja. Msijaribu.

Sasa soka. Gemu za soka za FIFA 20 mpaka FIFA 23 za Switch zilikuwa jezi mpya na vikosi vipya juu ya gemu ileile ya zamani. Mkali wa PS4 anagusa mpira mara tatu, anakuangalia kama umemwuzia samaki wa juzi. Kuanzia FC 24, jina jipya la gemu hiyohiyo, wamebadilisha injini, yaani programu inayoiendesha gemu, lakini wateja wangu wa soka walishakata shauri.

Nintendo wenyewe, wanaotengeneza Switch, yamewakuta haya ya kutegemea wateja wa kupita. Wii, mashine yao ya 2006, iliuza zaidi ya milioni 100, na kati ya wanunuzi walikuwemo wengi ambao hawakuwahi kushika pedi. Wii U iliyoifuata 2012 haikufika hata milioni 14: wale wa kupita hawakurudi, na wenye gemu zao damuni walikuwa na mashine nyingine. Switch ya 2017 ndiyo iliyowaokoa. Nikiangalia daftari langu naelewa, maana watoto hujaza benchi mchana, ila usiku pesa ni ya wakali.

Kwa hiyo kama una hela ya mashine moja tu, nunua PS4 iliyotumika. Korosho zikilipa vizuri, ongeza Switch, na uitoze kwa dakika. Ukitoza kwa mbio, watoto watakubishia kila zikiisha kwamba ile haikuhesabiwa.