Viatu vya mwenye baridi yabisi: anzia mikononi

Nilinunua buti jekundu la ngozi laini, kisigino kifupi, soli pana. Dukani lilinikaa vizuri mno. Kesho yake asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikihangaika na zipu ya pembeni: kishikio chake chembamba kama ukucha wa mtoto, na vidole vyangu vimevimba, vimekakamaa, havikunjiki. La kulia nililifunga. La kushoto likanishinda, nikatoka na ndala.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kiatu kipi hakiumizi, namuuliza kwanza atakifungaje alfajiri. Baridi yabisi hushika viungo vidogo vya mikono na vya miguu, mara nyingi pande zote mbili, na ukakamavu wa asubuhi unaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Lakini ushauri wote wa viatu huishia kwenye nyayo. Habari za visigino virefu na ncha zilizochongoka sizigusi. Hizo umeshafunzwa na maumivu.

Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imejaa. Kisha funga na kufungua kiatu kwa kidole kimoja au kwa kiganja tu. Kikikushinda, kirudishe, hata kama umekipenda.

Namba moja ni Skechers Slip-ins, na mapenzi yangu kwao siyafichi. Kisigino chake kimetengenezwa kisibonyee ukikikanyaga: unasimama, unasukuma mguu, umeshavaa. Huinami, hugusi kitu. Tafuta zilizotengenezwa kwa mguu mpana, na ujaribu soli kwa mikono miwili. Ikijikunja katikati kama kitambaa, iache. Inatakiwa ikunjike penye vidole tu.

Ya pili ni Hoka Bondi, raba ya kukimbilia. Soli yake nene imejipinda kama miguu ya kiti cha kubembea, kwa hiyo unyayo unabingirika mbele bila kukunja sana vifundo vya vidole, pale pale ambapo wengi wetu tunahisi tunakanyaga kokoto. Kasoro yake ni kamba. Zangu nilizing'oa zote, nikaweka za mpira zinazovutika, nikazifunga mara moja basi. Chini ya gauni refu zinapendeza kweli.

Ya tatu ni sandali, Birkenstock Arizona. Bizimu zake mbili zirekebishe siku mikono ina nafuu, usiziguse tena. Lakini haina ukanda wa nyuma, na kama vidole vyako vimejikunja, vitashinda viking'ang'ania ili kiatu kisichomoke.

Raba za kitambaa za bei ya chini, zenye velkro, ni za ndani ya nyumba.

Sasa wauzaji. Unaomba kiatu kipana, unaletewa kirefu! Saizi kubwa haipanui kitu. Mguu unateleza mbele, vidole vinagonga ncha. Na kiatu kikishaitwa cha wagonjwa, bei inapanda na rangi zinabaki mbili, nyeusi na kahawia iliyofifia. Muuzaji mmoja aliniambia, "Mama, kwa hali yako tafuta starehe tu, urembo waachie wengine." Nilimrudishia kiatu chake nikaondoka. Viungo vinauma, macho yangu bado yanapenda kizuri.

Slip-ins zangu ni nyekundu, rangi ile ile ya lile buti.