TAHADHARI: Nozeli za "kuongeza nguvu" kwenye IST

Wakuu, hasa wenye IST, Vitz na gari nyingine zenye injini ya 1NZ-FE, kaeni macho. Kuna muuzaji hapa Dar anatembeza mtandaoni nozeli (vipuli vinavyopulizia petroli kwenye injini) za cc 440 kwa dakika, anadai ukishafunga tu gari linakuwa na nguvu, hakuna haja ya kugusa kompyuta ya gari. Bei yake iko juu, ila anakupunguzia ukimwachia nozeli zako za zamani. Wizi uko hapo. Zako ni orijino: anaziosha, anabadilisha oringi na vichujio, anamuuzia mwingine kama mpya. Wateja wake wanaishia gereji kwetu na gari linalotoa moshi mweusi, na nozeli za kurudishia hawana.

Piga hesabu mwenyewe. Injini ya petroli isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini) hula takriban cc 5.25 za mafuta kwa dakika kwa kila nguvu moja ya farasi inapokanyagwa mpaka mwisho. 1NZ-FE ina farasi 109, yaani cc 572. Gawa kwa nozeli nne, upate 143. Nozeli haitakiwi kufanya kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, kwa hiyo unahitaji kama cc 180. Sasa 440 ya nini? Nguvu inatokana na hewa inayoingia, na hewa haijaongezeka hata kidogo.

Kompyuta itajitahidi kupunguza mafuta kwa kusoma sensa ya oksijeni, lakini haiwezi kufidia tofauti kubwa kiasi hicho. Asubuhi injini ikiwa baridi, au ukikanyaga sana, mafuta yanazidi: plagi zinakuwa nyeusi, petroli inasafisha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) yanaungua. Ukimlalamikia, anakwambia sensa yako mbovu na anakuuzia sensa. Ukilalamika tena anakublock.

Hata mwenye tabo anayehitaji nozeli kubwa kweli asidanganyike na video ya muuzaji inayoonyesha nozeli zikipimwa na vichupa vikijaa sawasawa. Uliza imepimwa kwa presha gani. Nozeli ya cc 380 kwenye bar 3 hutoa karibu 440 kwenye bar 4, na presha ya IST ni kama bar 3. Pia nenda na mita upime omu (ukinzani wa umeme) za nozeli. Za gari hizi ziko kati ya 12 na 16. Ukikuta 2 au 3, usifunge kabisa, zitaunguza kompyuta.

Asiyekubali zipimwe mbele yako, usimtumie hata shilingi ya kianzio. Na kama umeshafunga, tafuta nozeli za saizi ya gari lako, na umwage oili uweke mpya kabla ya kulitembeza tena.