Usivutwe na mlango: duka la kale la Hurumzi na Gizenga

Anayetafuta duka la kupanga katika mitaa ya Hurumzi na Gizenga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, huoneshwa mlango kwanza. Dalali anajua kazi yake. Lakini mlango ndio unaochelewa kuharibika katika majengo haya. Upite, ingia ndani, inua kichwa uangalie dari.

Utaona boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, na juu yake vipande vya mawe na chokaa iliyopondwa. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, takriban mita 3, basi usitegemee ukumbi. Kwa vitambaa, viungo au vito panatosha. Anayetaka supamaketi ndiye anayeanza kubomoa kuta, na kuta hizo za mawe ya matumbawe, zenye unene wa sentimita 50 hadi 60, ndizo zilizobeba ghorofa zote. Hakuna nguzo iliyofichwa ndani. Ukitoboa uwazi mpana, ufa huanzia juu kwa jirani kabla hujauona kwako.

Chukua bisibisi uchome kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama kirahisi, ncha imeoza, hata kama katikati ni nzima na imepakwa rangi vizuri. Sababu mara nyingi ni choo kilichoongezwa ghorofani au mfereji wa bati uliotoboka. Boriti moja mbovu hubadilishwa. Zikiwa nne kwa mfululizo, mwenye nyumba atengeneze kwanza, mkataba baadaye.

Kasoro kubwa ya maduka mengi ya hapa ni ya juzi tu: saruji. Ukuta wa chokaa hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa kwa hewa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hukosa pa kutokea, hupanda, na chumvi hukauka nyuma ya lipu na kuisukuma. Gonga ukuta kwa ufunguo, usawa wa goti hadi kiuno. Ukilia kama debe tupu, lipu imeshaachana na jiwe, na itakapoanguka itaondoka na chokaa ya zamani. Kuipaka rangi ya mafuta ni kuficha tu.

Dawa yake inajulikana, ila inataka subira. Bandua saruji yote, acha ukuta ukauke, kisha piga chokaa iliyolazwa shimoni wiki kadhaa, kipimo 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa pwani usiooshwa hurudisha chumvi ile ile. Rowesha ukuta kabla ya kupiga, piga tabaka nyembamba, kisha ufunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Fundi akikuambia atamaliza kesho, tafuta mwengine.

Sifa kamili naupa uso wa duka. Ile milango ya Kigujarati ya mbao za kukunjana, yenye vibao vidogo vidogo, hufungua upande wote wa mbele: mwanga unaingia, upepo unapita, na baraza inakuwa sehemu ya duka. (Ule mlango mzito wa nakshi na misumari ya shaba ulio pembeni ni wa nyumba, si wa duka, wapiga picha huchanganya kila siku.) Udhaifu wake uko chini, kwenye kizingiti na sentimita chache za mwanzo za miimo, kwa kuwa maji ya mvua hurukia hapo. Seremala anaweza kukata sehemu hiyo tu na kuunga mbao mpya. Anayeing'oa yote akaweka geti la chuma anapata duka la joto na giza, halafu anakwenda kununua feni.

Mbao zilizochongwa kama lesi chini ya mapaa karibu zote zimepungua meno. Ukitaka kuona zilivyotakiwa ziwe, nenda barabara ya Mizingani kwenye Dispensari ya Zamani ya mfanyabiashara Tharia Topan, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 1887.

Kakague wakati wa masika, mvua ikinyesha, na ukubaliane kwa maandishi nani atakayeomba kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya patasi ya kwanza.