Kikundi cha watunzi hapa Amu: beti tatu, kisha simu ikalia

Nilingoja hasira zishuke ndipo niandike. Hazikushuka, basi naandika nazo.

Kuna kikundi cha waandishi hapa Amu, yaani Lamu. Jina silitaji. Hukutana upande wa Langoni, juu darini katika nyumba ya watu, baada ya sala ya alasiri, wakasomeana hadithi na mashairi. Mchango ni shilingi mia na chai imo. Mengine mtaulizia wenyewe, mji si mkubwa.

Nilichotaka kukisema ni kuhusu mwenyekiti na simu yake.

Kikundi kina sharti moja: mwenye kazi hajisomei. Unakabidhi karatasi, anasoma mtu mwingine, na jina lako halitajwi mpaka watu wamalize kutoa maoni. Nililipenda sharti hili tangu siku ya kwanza. Hapa kwetu kila mtu ni binamu ya mtu, na ukishajulikana ni nani aliyetunga, husifiwi wala hulaumiwi wewe, ni ukoo wako. Kwa sisi wanawake ndiyo kabisa. Kwa hiyo nikaketi na wenzangu upande wetu, buibui limenificha, moyo unanienda mbio, nikangoja utendi wangu ufikiwe.

Ni utendi wa shangazi yangu, Mungu amrehemu, aliyeshona kofia za mkono mpaka macho yakamkataa. Zile za vitundu vidogo vidogo, ambazo moja hula miezi, na anayeivaa msikitini hajui ni nani aliyeinamia. Beti ya kwanza ni hii:

Shangazi keti kitako,
ushike kofia yako,
nione mkono wako,
unifundishe kushona.

Kila beti inaishia kwa hiyo -na, mpaka mwisho. Za mwanzo mimi namwita. Kuanzia ya saba anaitika, na kutoka hapo anasema yeye peke yake: nani alimnyima ujira, nani alimpunja bei, kofia ipi aliifumua usiku akaianza upya. Utendi ni yeye. Mimi ni mlango tu wa kuingilia.

Kijana mwenye sauti, ambaye kwa kawaida ndiye hughani, alikuwa hajafika, mashua ya kutoka Mokowe imechelewa. Mwenyekiti akasema hapana haja ya kumngoja, atasoma yeye. Na si kwamba mtu huyu hajui kughani! Kila kikao hukifungua kwa beti za Inkishafi, ule utendi wa kale wa kuanguka kwa Pate, na hapo macho hufunga, sauti hutetemeka, majumba ya Pate yakabomoka mbele yetu, dunia ikatupita. Wangu aliusoma kama anayesoma risiti ya stima. Hana mahadhi, hana pumzi, kila mshororo anaukanyaga na kwenda zake. Beti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Simu ikalia.

Akapokea. Hapo hapo, amesimama mbele ya watu, karatasi yangu mkononi. Na alichosema nakinukuu, maana kimenikaa kifuani mpaka leo: "Ee, nambie. Hapana, sina shughuli yoyote."

Hana shughuli yoyote.

Akazungumza habari ya mifuko ya saruji, imefika jetini au haijafika, huku anajipepea kwa shangazi yangu. Alipomaliza akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma, akasema, "Yaliyobaki ni hayo hayo ya kushona. Haya, maoni."

Sasa fikirini nilivyofungwa. Sharti linasema nisijitambulishe. Nikifungua kinywa kusema utendi haujaisha, nimeshajitaja. Ikabidi nikae nisikilize maoni juu ya beti tatu za wito. Bwana mmoja, mtu mwenye adabu zake wala simlaumu, akasema tungo si mbaya, vina vimekaa, ila ana swali: huyu shangazi mbona hasemi? Mtunzi amemnyima sauti. Wakatikisa vichwa. Mwingine akaongeza kwamba wanawake katika tungo za siku hizi wanaitwa tu, hawaitiki. Mwenyekiti akasema, "Nukta nzuri sana," akaiandika kwenye daftari.

Nilikunywa chai yote iliyokuwa mbele yangu na ya jirani yangu pia.

Na tuko wapi jamani? Hivi si visiwa vya Mwana Kupona? Mwanamke wa Pate, mwaka 1858, maradhi yamemlaza, akamtungia binti yake utendi wa beti zaidi ya mia, na mpaka leo unasomwa. Angekuwa na mwenyekiti kama wetu tungebaki na salamu na bismillahi.

Mpaka hapo uamuzi wangu ulikuwa msiende. Lakini lazima niseme na lililofuata, kwa sababu linanitatiza.

Kijana wa sauti akafika, suruali imeloa magotini, akapewa hadithi iliyofuata. Ilikuwa habari ya punda aliyebebeshwa kitanda cha bibi harusi, akafika kwenye uchochoro wa Mkomani, akagoma. Nyuma kuna maiti inapelekwa kuzikwa, mbele kuna mpishi na sufuria la pilau, na punda katikati hataki kwenda mbele wala kurudi nyuma. Sikutaka kucheka. Nilikuwa nimeapa sicheki. Nikacheka mpaka mtandio ukanivuka. Baadaye jina lilipotajwa, kumbe mwandishi ni yule anayetupakilia mchanga kila siku na punda wake, ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "Pisha!"

Halafu pana mzee mmoja, fundi seremala, anayehesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole juu ya goti. Mgeni kutoka Malindi alileta shairi la tarbia, mishororo minne kila beti, mizani nane kwa nane, na mzee akamwambia bila kumtazama kwamba beti ya tatu, mshororo wa pili, ukwapi, ile nusu ya kwanza, una tisa. Mgeni akabisha. Wakahesabu pamoja kwa sauti. Tisa. Darasa la namna hiyo mtalipata wapi kwa shilingi mia? Kwa hilo peke yake ningewapa nyota nne, hata tano.

Ila wakati kijana anasoma ya punda, simu yake pia ililia. Aliizima kwa kidole bila kuitazama, hakupoteza hata neno. Nikamtazama mwenyekiti. Alikuwa anatafuna bajia.

Nilimngoja kwenye ngazi. Nikasema kwa heshima, maana ni mtu mzima na amewasomesha nusu ya mji:

"Mwalimu, ule utendi haukuisha."

"Upi, mwanangu?"

"Wa kofia."

"Aa, ule. Umetosha. Mrefu huwachosha watu." Kisha akanitazama vizuri. "Kwani ni wako?"

"Ni wa shangazi yangu."

"Basi msalimie sana."

Sikumjibu. Ningejibu nini? Nikateremka ngazi.

Tena bado. Kila baada ya muda wao hutoa kijitabu, kurasa za kutoa fotokopi zimebanwa pini, na nimeambiwa kazi yangu imechaguliwa. Nikafurahi, kusema kweli nilifurahi mno, mpaka nikauliza itaingia vipi. Beti tatu. Chini yake wameandika "shairi fupi". Nimepeleka ujumbe kwamba ama waweke utendi mzima ama wautoe. Hawajajibu. Na hapa ndipo najichukia kidogo, kwa sababu wakijibu kwamba wanautoa, sijui nitafanyaje. Mama ameshaulizia nakala yake.

Kwa hiyo nyota ngapi? Mbili. Tatu kwa ajili ya yule fundi, kisha narudisha moja nikikumbuka saruji. Msijiunge. Au jiungeni, lakini karatasi yenu mkabidhini kijana wa Mokowe mkononi mwake, na kama hajafika semeni mmeisahau nyumbani. Na anayepika chai aambiwe apunguze tangawizi, inaunguza koo.