Sakiori au sashiko: nguo kuukuu ipewe kazi gani?

Kaskazini mwa Japani, ambako baridi haikuruhusu pamba kustawi, nguo kuukuu ziliongezewa maisha kwa mbinu mbili: sashiko, yaani kushona viraka na kuimarisha nguo kwa bandi (mishono mifupi iliyonyooka), na sakiori, yaani kufuma kitambaa kipya kwa nguo kuukuu zilizochanwa. Kwa gharama, sashiko ni nafuu: sindano, uzi mnene wa pamba na viraka vinatosha (pamoja na subira, ambayo haiuzwi dukani), ilhali sakiori hudai kitanda cha mfumi, mtande imara (nyuzi za urefu) na vitambaa vingi vilivyochanwa utepe utepe ili viwe mshindio (nyuzi za kukatiza). Kwa uimara, sakiori hutoa kitambaa kizito kinachofaa mkoba au zulia dogo. Matunzo ya sashiko ni mepesi, kwa kuwa bandi iliyokatika hurudiwa papo hapo. Mwenye shati lililotoboka kiwiko aanze na sindano. Mwenye rundo la nguo zisizovalika, na nafasi nyumbani, afikirie kufuma.